Bomba la maji mbele ya gari ya papa



Mmezoea kusoma habari zangu za kaye za watoto na masomo yao. Leo naandika juu ya gari. Msicheke kwanza, mtaona kwamba jambo hili linaingia mpaka jikoni.

Marehemu papa alituachia Peugeot 404 bashe, ile ya kubeba mizigo nyuma. Watu wa umri wa mama zetu wanaikumbuka vizuri: injini imelazwa upande badala ya kusimama wima, vitesi vinabadilishwa kwenye usukani, na batri ikikufa unaingiza manivela mbele unazungusha kwa mkono mpaka jasho. 404 ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Katika mashindano ya Safari kule Afrika Mashariki ilishinda mara 4, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye matope na mashimo ambayo sisi wa Kivu tunayajua bila kushindana. Papa alipenda sana kuhesabu miaka hiyo. Mimi nilijifunza kuhesabu kwa dolari za mizigo ya kabeji kutoka Mudaka.

Tangu papa afariki mwaka 2009, gari ilibaki mikononi mwa mama na shofere mmoja, halafu ikasimama uani, kuku wakaingia.

Mwaka jana kaka yangu mkubwa, anayeishi Lubumbashi, alipiga simu. Amepata mtu wa Kigali anayekusanya magari ya kale. Atatoa dolari 6000, sharti ni moja: gari irudi kama ilivyotoka kiwandani. Piesi ambayo si ya kwake itolewe. Kaka alituma pesa ya kuanzia, akaniambia, "Wewe uko hapo Bukavu, simamia fundi."

Dolari 6000 si mchezo. Nyumba ya mama inavuja kila mvua, manjanja yamekula kutu, na mimi ni mwalimu, mshahara wangu mnaujua. Kwa hiyo nilianza kazi kwa moyo wote.

Nilifanya kama ninavyofanya darasani, nikachukua kaye mpya nikachora mistari. Upande mmoja niliandika piesi za kiwandani zilizobaki. Katikati, zilizoletwa na shida. Upande wa tatu, zilizoletwa na ujinga wa mafundi. Fundi aliniambia hii si ya kwake, ile si ya kwake, nami niliandika. Jioni nilimsomea mama, kwa sababu ni yeye tu anayejua kila kitu kiliingia lini.

Karburata ilikuwa ya Toyota, imeshikizwa kwa kipande cha chuma kilichokatwa kwa mkono. Mama akacheka. Mwezi wa kumi 1996, vita vilipokaribia, papa aliondoa karburata ya kweli akaizika nyuma ya choo ndani ya mfuko wa plastiki, ili askari wasiwashe gari. Ilifaulu, gari haikuchukuliwa. Tuliporudi kutoka mafichoni papa akachimba siku mbili bila kuiona. Nilikuwa na miaka minane, nakumbuka ule udongo. Nikaiandika kati ya zile za shida. Lakini hiyo Toyota inakunywa esanse kuliko gari inavyostahili, na fundi alisema Solex nzuri inaweza kupatikana. Hapo sikulia. Tulibadilisha.

Waya za taa zilikuwa zimepitishwa moja kwa moja kutoka batri, bila fuzi. Niliuliza, hii nayo ni shida ya mwaka gani? Mama akasema, "Shida gani? Ule kijana alikuwa mvivu tu." Zilitoka siku hiyohiyo, na namshukuru Mungu hatukuungua.

Freni zilitusumbua zaidi. Bomba ya freni ilikuwa ya Hilux, fundi mmoja aliifunga zamani, na inakamata vizuri. Ya kwake ya kweli tuliyoletewa ilikuwa imekaa miaka kwenye ghala, mipira yake imekauka. Kaka alisema kwenye simu, "Weka ya kweli, mnunuzi ataangalia." Nilikataa. Kutoka kwetu mpaka barabara kubwa ni mteremko mtupu, na pale chini kuna shule. Sikuweza kuweka piesi iliyokauka eti kwa sababu ina jina zuri. Tulibishana vibaya, tukamaliza kwa kukatiana simu.

Katika kutafuta la kumjibu nilisoma kwamba FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kale, lilipitisha mwaka 2012 mkataba unaoitwa Mkataba wa Turin. Nilidhani utakuwa upande wa kaka. Kumbe unasema kwamba hata mabadiliko ambayo gari iliyapata katika maisha yake yanaweza kuwa sehemu ya historia yake na kustahili kuhifadhiwa. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa pointi. Kaka hakufurahi. Alisema watu wa Turin hawanunui gari yetu.

Benchi ya mbele ni ya mbao ya libuyu. Mama aliilipia kwa pesa ya likelemba, zamu yake, baada ya kiti cha kwanza kuchanika mpaka springi zikawa zinachoma. Wenzake walimshangaa, kwamba wengine wananunua kitenge, yeye ananunua benchi. Aliikalia miaka mingi kando ya shofere akihesabu magunia. "Hiyo isiguswe," alisema, na mimi sikuuliza mara ya pili.

Ikabaki bampa ya mbele. Yetu ilikuwa bomba la maji, limepindwa, limechomelewa, limepakwa rangi ya fedha. Niliuliza ile ya kweli ilikwenda wapi. Mama alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua sombe. Mwisho akasema aliiuza mwaka 2011, pamoja na vifuniko vya magurudumu na redio, kwa mtu aliyekuwa anatengeneza 404 yake. Mwaka huo nilikuwa namaliza pale taasisi ya ualimu, nilikosa pesa ya kuchapisha TFC na ya kulipia diploma. Aliniambia wakati ule kwamba ni pesa ya kikundi.

Sikulala usiku huo. Asubuhi nilimwambia fundi: bampa hii haitoki. Kaka alikuwa tayari ameona moja ya kweli kwa muuzaji wa Bujumbura, inang'aa, nikamwambia asitume pesa. Niliona nimesimamia heshima ya mama.

Mama alipopata habari alikasirika. "Nani alikutuma? Mwalimu, umeniuliza mimi?" Akasema ile bomba ilimpatia haya miaka yote. Kila aliposhuka sokoni aliona watu wanaiangalia. Hakuiweka juu ya kuipenda, aliiweka juu ya kukosa. "Diploma yako iko ukutani, mimi naiangalia hiyo. Ile bomba uitoe."

Basi nilimpigia kaka simu kuomba bampa ileile niliyoikataa. Alicheka kwa muda mrefu, na huo ulikuwa mwanzo wa kupatana kwetu.

Mtu wa Kigali alikuja mwezi wa tatu. Alisifu bampa, alisifu Solex, akafungua kapo, akaona bomba ya freni. Akakaa kwenye benchi, akashuka. Bei yake ikawa dolari 3500. Mama alimshukuru, akampa chai na viazi vitamu, na mtu akarudi kwake.

Manjanja bado hayajabadilishwa. Gari inatoka siku ya soko, mama mbele, na pesa ya mizigo inaingia katika sanduku dogo la nyumba. Tumehesabu, tutafika kwenye manjanja kabla ya mvua za mwaka kesho kama esanse haitapanda.

Lile bomba fundi alitaka kulibeba. Mama alimkataza. Limechimbiwa uani kati ya nguzo mbili, na nguo za wajukuu zinaanikwa juu yake.