Mbwa wa Toronto na sukari ya Mama

Wadau, hapa London watu huandamana kutetea panya wa maabara. Kwetu Tanga wengi wangecheka. Mimi sicheki, ila nina swali. Mama yangu ana kisukari, anaishi kwa sindano za insulini. Mwaka 1921 kule Toronto, Banting na Best waliwatoa mbwa kongosho wakiitafuta dawa hiyo, na mbwa kadhaa wakafa. Nimwambie Mama aache sindano?

Lakini rangi ya mdomo ni jambo jingine. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Hapo niko na waandamanaji. Kwa dawa, mnyama atumike pale tu njia nyingine imekosekana, tena apunguziwe maumivu. Mnasemaje wenzangu?