Kipanya Kisicho na Waya

Mwaka 1964 Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, huko California, walitengeneza kipanya cha kwanza cha kompyuta kwa kipande cha mbao, nacho kilikuwa na waya. Hiki tulichokijaribu hapa Goma kwa wiki tatu hakina waya. Chaenea kiganjani, na kipokezi chake ni kama ukucha.

Tulikijaribu katika kuchapa orodha za familia zilizokimbia vita. Katika kazi hiyo mshale ukiruka mstari mmoja, jina la mama mwenye watoto sita laweza kufutika, na siku ya kugawa unga akaondoka mikono mitupu. Basi hatukuuliza kama kinapendeza. Juu ya meza ya kioo mshale uligoma kabisa, kwa kuwa jicho la kipanya husoma mikwaruzo midogo ya mahali kilipowekwa, na kioo kitupu hakina cha kusomwa. Juu ya daftari ulitulia. Vumbi jeusi la lava (nani wa Goma asiyelijua tangu Nyiragongo ilipofunika sehemu ya mji mwaka 2002?) liliziba jicho hilo mara mbili, kitambaa kikavu kilitosha.

Wenye mikono mikubwa walilalamikia vidole baada ya saa mbili, na tunawaamini. Betri moja ilidumu muda wote, hata siku kompyuta yenyewe ilipozimika kwa kukosa umeme.

Tumekikubali. Kipokezi tunakihifadhi ndani ya tumbo la kipanya, maana kikipotea hicho, kilichobaki hakifai tena.