Tafakari ya Juma: Ulinzi wa Kanda na Nyufa Zake



Wapendwa wasomaji, baadhi yenu mlioko nyumbani Tanzania mmeniuliza ni mchezo gani huo unaowafanya waamini wangu wa huku Florida waje Misa ya Jumapili wakiwa wamevaa jezi, na ifikapo baraka ya mwisho macho yao yakawa kwenye saa. Ni kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake una ncha mbili na huchezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Leo napenda tuutazame mchezo huu kwa upande mmoja tu, yaani jinsi timu inavyojilinda, kwa kuwa humo nimeona jambo linalozihusu parokia zetu zote, za huku na za huko.

Kwanza niueleze uwanja kwa ufupi. Urefu wake ni yadi 100, bila kuhesabu maeneo ya kufungia ya pande mbili, na upana wake ni yadi 53 na kidogo. Kila upande una wachezaji 11. Timu inayoshambulia hupewa nafasi 4 za kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, huanza kuhesabiwa upya. Mrushaji wake, aitwaye kotabeki, ana wenzake 5 wanaoruhusiwa kupokea pasi. Kwa kawaida upande wa ulinzi hutuma watu 4 kumkimbilia mrushaji huyo, na wanaobaki ni 7, wenye kazi ya kulinda nafasi yote iliyo nyuma yao.

Hao 7 wanaweza kulinda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mtu kwa mtu: kila mlinzi hupewa mpokeaji wake na kumfuata popote aendapo. Njia ya pili ni ulinzi wa kanda: uwanja hugawanywa, na kila mlinzi hupewa eneo lake, yeyote aingiaye humo ni wake. Wapenzi wa soka mmekwisha kuiona tofauti hii mara nyingi kwenye mipira ya kona.

Nguvu ya ulinzi wa kanda ni kubwa. Anayemfuata mtu hulazimika kuukazia macho mgongo wa mtu huyo, na mpira ukirushwa huenda asiuone. Anayelinda eneo humtazama mrushaji, huuona mpira ukitoka mkononi mwake, na anaweza kuukimbilia pamoja na wenzake. Tena, mlinzi asiye na mbio nyingi huweza kuwa wa msaada mkubwa, kwa maana hahitaji kumshinda mtu mbio uwanja mzima. Inamtosha kuijua sehemu yake vizuri na kufika kwa wakati.

Waamini wangu wanaujua mfano wa karibu. Timu yao, Tampa Bay Buccaneers, ilianza mwaka 1976 kwa kushindwa michezo 26 mfululizo. Mwaka 1996 alifika kocha Tony Dungy, akiwa na msaidizi wake Monte Kiffin, wakaujenga ulinzi uliokuja kujulikana kwa jina la mji huo. Walinzi 2 waligawana sehemu ya nyuma kabisa, nusu kwa nusu, na wengine 5 waligawana sehemu ya mbele yao. Kwa kuwa katikati ya wale wawili wa nyuma palikuwa na mwanya, mlinzi wa kati alifundishwa kurudi haraka kuuziba. Dungy aliondolewa baada ya msimu wa 2001, lakini ulinzi alioujenga ulibaki. Msimu uliofuata, chini ya kocha Jon Gruden, timu hiyo iliruhusu pointi chache kuliko timu zote za ligi, na katika fainali ya Januari 26, 2003, iliwashinda Oakland Raiders 48 kwa 21. Walinzi wake walinasa pasi 5 za wapinzani, na 3 kati ya hizo walikimbia nazo hadi kufunga. Mmoja alipanda, mwingine akavuna, kama Bwana wetu alivyowaambia wanafunzi wake kule Samaria.

Lakini, ndugu zangu, ulinzi wa kanda una udhaifu wake, na nitautaja katika sehemu tatu.

Kwanza, kuna nyufa. Kila eneo linapokwisha na jingine kuanza, hapo pana mshono, na mrushaji mwenye akili hatafuti mlinzi dhaifu, hutafuta mshono. Pasi hutua kati ya walinzi wawili hodari, na kila mmoja humtazama mwenzake kwa mshangao.

Pili, kuna kufurika. Washambuliaji huwapeleka watu wawili katika eneo la mtu mmoja, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mlinzi akimwendea wa mbele, mpira huenda kwa wa nyuma. Akirudi nyuma, hupewa wa mbele.

Tatu, kuna muda. Kanda hulindika vema kwa sekunde chache tu. Wale 4 wa mbele wasipomfikia mrushaji, nyufa hupanuka, na mwenye subira atauona mmoja wazi. Seattle Seahawks walikuwa mabingwa wa ulinzi wa kanda wenye watu 3 nyuma. Februari 2, 2014 waliwazima Denver Broncos 43 kwa 8, ingawa Denver walikuwa wamefunga pointi 606 msimu huo, idadi ambayo ligi haikuwa imeiona. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1, 2015, Seattle hao hao waliingia robo ya mwisho ya fainali wakiongoza 24 kwa 14. Mmoja wa wakimbiliaji wao wa mbele alikuwa ametoka kwa kuumia. Tom Brady wa New England Patriots akapata nafasi ya kupumua, akawa anarusha pasi fupi, moja baada ya nyingine, hadi mchezo ukaisha 28 kwa 24. Ni rahisi kuwalaumu mabeki wa nyuma, ilhali sehemu ya tatizo ilianzia mbele.

Sasa, kwa nini padre aandike haya? Ni kwa sababu Kanisa nalo limechagua ulinzi wa kanda. Kanuni ya 518 ya Sheria ya Kanisa inaagiza kwamba kwa kawaida parokia iwe ya eneo, ikiwakusanya waamini wote wanaoishi humo. Na nyumbani kwetu tumekwenda mbali zaidi: parokia ina vigango, ina kanda, ina Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Tena neno tunalolitumia ni lile lile, kanda. Uchaguzi huo ni wa busara. Paroko mmoja mwenye maelfu ya waamini hawezi kumfuata kila mtu mlangoni kwake. Lakini majirani wa nyumba ishirini au thelathini wanaweza kujua ni nani hajaonekana tangu Jumapili.

Hata hivyo, nyufa zipo. Nilipokuwa shemasi nilitumwa kwa muda katika parokia moja nyumbani, nikafika wiki ambayo alizikwa mzee mmoja mjane. Nyumba yake ilikuwa kando ya kijito kilichokuwa mpaka wa jumuiya mbili. Jumuiya ya huku ya kijito ilimhesabu kuwa wa ng'ambo, na ya ng'ambo ilimhesabu kuwa wa huku. Zote mbili zilikuwa jumuiya hai, zilisali Rozari kila juma, na michango yao haikuchelewa. Mzee aliugua karibu mwezi mzima, akafariki bila Mpako wa Wagonjwa na bila Komunyo, ilhali nyimbo za pande zote mbili zilisikika kitandani kwake. Makaburini viongozi wawili walisimama kando, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Sisi tulidhani ni wenu."

Wapendwa, maneno hayo hayakuwa ya uongo. Hakuna aliyetelekeza eneo lake, na ndiyo maana jambo hilo linatisha: mtu anaweza kupotea mahali ambapo kila mmoja ametimiza wajibu wake hadi kwenye alama ya mpaka.

Nilimuuliza mwamini mmoja wa hapa, aliyecheza beki wa nyuma enzi za shule, jinsi wanavyoziba nyufa hizo. Alinijibu kwamba ulinzi wa kanda mzuri una kelele nyingi. Mpokeaji anapotoka eneo langu kwenda lako, nakuita, nakuonyesha, wala simwachi mpaka nione kwamba umempokea. Huko ndiko kukabidhiana. Kanda mbili zisizosemezana, alisema, ni sawa na uwanja usio na ulinzi.

Nehemia aliijua siri hii kabla yetu. Alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, wengi walipewa kujenga sehemu iliyoelekea nyumba zao. Lakini alitambua kwamba ukuta ni mrefu na watu wametawanyika mbali wao kwa wao. Kwa hiyo akamweka mpiga tarumbeta karibu naye, ili popote sauti itakaposikika, wote wakimbilie hapo. Kila mtu alikuwa na sehemu yake, na tarumbeta ilikuwa ya wote.

Naye Mchungaji Mwema anatukumbusha kwamba kanda peke yake haitoshi. Yule mwenye kondoo mia moja aliwaacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Huo ni ulinzi wa mtu kwa mtu. Walinzi wa kanda nao hufanya hivyo: mtu akishaingia katika eneo lako, unamshika yeye, kwa jina na kwa uso, na huendelei kuulinda udongo mtupu.

Basi, juma hili nawaombeni jambo moja. Viongozi wa jumuiya, tafuteni nyumba iliyo kwenye mpaka wenu, ile ambayo hamna hakika ni ya nani. Nendeni mkabishe hodi, ninyi na wenzenu wa upande wa pili, siku moja na kwa pamoja. Msianze kwa kujadiliana ni ya nani. Mpaka ni wa wote wawili.

Ee Bwana, uliye mlinzi wa Israeli usiyesinzia, tujalie kuijua sehemu uliyotukabidhi, na kusikia sauti inayotoka ng'ambo yake. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko