Chini ya Kona Baridi

Mtu anaweza kuishi Kitengela miaka mingi akidhani Kajiado yote ni tambarare: ploti zilizozungushiwa waya, magorofa yanayoota kila upande, vumbi la simenti kutoka Athi River, na boza la maji likipiga honi asubuhi. Sisi tulidhani hivyo. Jumamosi moja ya Agosti tukajibana kwenye Probox tuliyoazima kwa shemeji, mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe, ambaye nyumba nzima humwita Shosho. Tulikuwa tunakwenda Olorgesailie, kituo cha mambo ya kale, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika.

Hatukupitia Nairobi. Tuliteremka barabara ya Namanga hadi Isinya, tukakata kulia kuelekea Kiserian. Sehemu hiyo haina mengi: ng'ombe, ua wa waya, ng'ombe tena. Baada ya Kiserian tukashika barabara ya Magadi, tukaizunguka ncha ya kusini ya vilima vya Ngong, upepo ukaanza kupenya madirishani, na ghafla ardhi ikakatika.

Hapo ndipo Kona Baridi, na jina halidanganyi. Shosho alijifunga leso ya pili kabla ya kushuka garini. Mbele yetu Bonde la Ufa lilikuwa limeporomoka ngazi kwa ngazi, kila ngazi kavu kuliko iliyo juu yake. Picha za bonde hili nilizozizoea hupigwa upande wa Limuru, ambako kuna kijani. Huku ni kahawia tupu, migunga, na vivuli vya mawingu vikitambaa. Mlima Olorgesailie, volkano iliyozimika zamani sana, ulionekana mdogo kule chini.

"Kuna watu wanaishi huko?" kifungua mimba wetu akauliza. Shosho akamwonyesha moshi uliokuwa ukipanda kati ya miti.

Tulipoteremka makoti yalivuliwa, kisha sweta, kisha kila mtu akanyamaza kwa joto. Kituo cha Olorgesailie kiko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kijana Mmaasai alituongoza hadi kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa, na chini yake yalilala mashoka ya mawe, mengi ajabu. Mary na Louis Leakey ndio walioanza uchimbaji hapa mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mengi yameachwa palepale yalipokutwa. Watoto walipenda zaidi mfupa wa tembo wa jamii iliyokwisha kutoweka.

Mimi nilishikwa na udongo mweupe. Ni mabaki ya vijimea vidogo mno vya majini, kwa sababu hapa palikuwa na ziwa. Kwenye kingo za makorongo tabaka zake zinaonekana wazi: nyeupe maji yalipojaa, za rangi nyingine yalipopungua au volkano ilipomwaga majivu.

Shosho, ambaye anajua bei ya boza kwa kila mwezi wa kiangazi, alisimama hapo muda mrefu kuliko sote.

"Kwa hiyo maji yaliisha?"

"Yaliisha, Shosho. Yakarudi, yakaisha tena."

Yule kijana akaeleza kwamba kiasi cha miaka 300,000 iliyopita wakazi wa hapa walikwisha kuacha mashoka makubwa. Walichonga zana ndogo, baadhi kwa jiwe jeusi la volkano lisilopatikana karibu. Watafiti walichapisha habari hizo mwaka 2018: mawe hayo yalitoka mbali, mengine hata kilomita 90, na huenda vikundi vya watu vilikuwa vikibadilishana vitu.

"Wakalipa nini?" Shosho akauliza.

Kijana akacheka, akasema hata maprofesa hawajamjibu hilo. Nje, akina mama walikuwa wametandaza bangili za shanga. Shosho akachagua moja nyekundu, akatajiwa bei, akauliza kama hiyo ni ya wageni au ya watu wa Kajiado.

"Wewe ni wa Kajiado gani?"

"Kitengela."

Wakamcheka kwa sauti, kisha wakampunguzia shilingi hamsini.