Mtumishi Asiyeonekana

Binadamu hupenda kutumikiwa. Akiona baridi hutaka joto limfuate, na akiona kiu hutaka maji yamsogelee. Nyumba ambayo siku hizi huitwa yenye akili, ambayo taa zake hujiwasha na milango yake huitii simu ya mkononi, ni mtoto mchanga wa tamaa hii ya zamani. Wazee wake wapo, na mmoja katika hao yuko Unguja, juu ya kilima cha Kidichi, katika nchi ya mikarafuu na minazi.

Hapo Seyyid Said bin Sultan alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Jengo lina makuba, na kuta zake kwa ndani zimenakshiwa maua na ndege kwa desturi ya Uajemi. Watazamaji husifu nakshi hizo, na wana haki. Lakini raha ya mahali pale ilitoka chini ya ardhi. Tanuri lilitiwa moto huko, na maji yakapata uvuguvugu, hata mwogaji akakuta kila kitu kimekwisha kuwa tayari. Hiyo ndiyo maana ya nyumba yenye akili, jana na leo: kazi ifanyike, na anayeifaidi asiione ikifanyika.

Walakini kazi isiyoonekana si kazi isiyokuwapo. Kuni hazikujikata, wala moto haukujichochea. Zama zile mashamba ya mikarafuu yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Soko lao mjini lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa katika sheria ya Unguja haikuondolewa mpaka 1897. Ukuta wa Kidichi umehifadhi ndege na maua. Haukuhifadhi jina la mchochezi hata mmoja. Basi mtu akisikia kuwa mashine imeshika nafasi ya mtumishi, asifanye haraka ya kudhihaki. Swichi inayomwondolea mtu mwingine mzigo kichwani ina heshima kubwa kuliko nakshi.

Seyyid Barghash, mwana wa Seyyid Said, aliacha mafunzo mawili katika jambo hili. Alijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, nyumba iliyopata jina lake kwa maajabu iliyokuja kuwa nayo: taa za umeme, na lifti ambayo Afrika ya Mashariki haikuwa imepata kuiona. Yeye huyo huyo aliuletea mji maji ya mabomba kutoka chemchemi zilizo nje yake. Lifti ilimpandisha aliye ndani ya jumba. Bomba lilimfikia aliye njiani. Lifti ilistaajabisha, na bomba lilifaa. Tena tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka ilipokuwa katika matengenezo, ikaua watu. Ajabu, ikipewa miaka ya kutosha, hugeuka kuwa kuta zinazodai matunzo kama kuta nyingine.

Umeme nao una sharti zake. Unguja huupata kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Ulikatika mwezi wa Mei 2008, na kisiwa kikakaa karibu mwezi mzima bila ya umeme huo. Ulikatika tena Disemba 2009, na safari hii giza lilidumu kiasi cha miezi mitatu. Pampu zilinyamaza, na bomba zikakauka pamoja nazo. Ndipo mzigo uliokuwa umesahauliwa ulipotafuta mbebaji wake wa kale: wanawake na watoto wakarudi visimani na ndoo. Waya mpya, wenye nguvu zaidi, ulilazwa baadaye, ukaanza kazi 2013. Lakini aliyebeba ndoo miezi mitatu hasahau kwa sababu ya waya.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwenye nyumba wa Kidichi wa leo, mwenye fedha kidogo na hamu nyingi. Dukani mjini ataonyeshwa kufuli inayofunguka kwa simu, pazia linalojivuta lenyewe, na taa inayobadili rangi ikisemeshwa. Mkewe, ajuaye idadi ya ndoo zinazotumika kwa siku, atauliza kwanza habari za tangi. Mwanamke huyo ana hoja. Tangi lililoinuliwa juu, lenye boya linalozima pampu maji yanapojaa, ni akili tosha: hulijaza nyumba ingali na umeme, na umeme ukienda maji huteremka kwa uzito wao wenyewe. Kifaa cha kuilinda friji hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi, kikauruhusu tena baada ya kutulia. Taa ya jua hujiwasha usiku uingiapo, wala haina habari za waya wa baharini. Vitu hivi havina mbwembwe, lakini kila kimoja hufanya kazi ambayo kikikosekana mtu ataifanya kwa mgongo wake, au hasara itaifanya kwa mfuko wake.

Hiki ndicho kipimo cha kifaa cha lazima. Kabla ya kununua, mtu aulize: kazi hii ilikuwa ya nani? Ikiwa ilikuwa ya mtoto aliyechelewa skuli kwa ajili ya kisima, anunue bila ya kusita. Ikiwa ilikuwa ya kidole chake mwenyewe kuvuta pazia, anaweza kungoja. Kisha aulize: siku umeme ukikatika, nani ataifanya? Kama jibu ni yule yule mtoto, kifaa hakijatosha. Ahitaji tangi kubwa zaidi, na kisima kilichozibwa kwa miaka yafaa kizibuliwe.

Mwogaji wa Kidichi hakulazimika kumjua mchochezi wake. Mwenye nyumba wa leo hana udhuru huo, kwa maana mbebaji wa ndoo hulala chini ya paa lake.