Pampu Haivuti Maji

Yamkini hakuna kitenzi kinachosikika kando ya mito ya Kenya wakati wa kiangazi kuliko 'kuvuta'. Mashine inavuta vizuri. Mashine imekataa kuvuta. Mashine ya jirani huvuta kuliko hii. Mkulima aliyekopa fedha za chama akanunua pampu ya petroli, kisha akapanda ekari moja ya nyanya, huishi kwa kitenzi hicho. Hata hivyo, kitenzi chenyewe si cha kweli. Pampu ya mzunguko haivuti maji, na pale mkulima anaposhikilia kwamba huyavuta, nyanya huweza kukauka ilhali mto ungali unatiririka.

Ndani ya pampu hiyo mna gurudumu dogo lenye mapanga yaliyopinda, ambalo mafundi huliita impela. Injini huizungusha impela mara 3,000 na zaidi kwa dakika. Maji yaliyo baina ya mapanga hurushwa pembeni, mithili ya matope yarukayo kutoka kwenye gurudumu la baiskeli. Huko pembeni hupokewa na kasha lenye umbo la konokono, jembamba mwanzoni na pana mwishoni. Kadiri njia inavyopanuka ndivyo mwendo wa maji unavyopungua, na mwendo uliopungua hugeuka kuwa shinikizo. Shinikizo hilo ndilo linaloyapandisha maji hadi shambani. Kupinda kwa mapanga nako si pambo. Katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, pampu ya John Appold yenye mapanga yaliyopinda ilizishinda kwa mbali zile zenye mapanga yaliyonyooka.

Maji yakisharushwa pembeni, katikati ya impela hubaki shinikizo dogo. Hapa ndipo lugha inapopotosha. Mtu hudhani kwamba upungufu ule huyanyonya maji ya mto. La hasha. Hewa iliyoukalia mto, ambayo ina uzito wake, ndiyo inayoyasukuma maji yapande kwenye mpira na kuingia mahali ambapo shinikizo limepungua. Pampu hufungua mlango tu. Anayesukuma yuko nje. Kosa hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 1638 Galileo aliandika juu ya pampu iliyoshindwa kuyapandisha maji kupita yapata mita 10, naye akadhani safu ya maji hukatika kwa uzito wake kama kamba. Ni Torricelli, mwanzoni mwa miaka ya 1640, aliyeonyesha kwamba kikomo hicho ni uzito wa hewa.

Kikomo chenyewe hakijali ukubwa wa injini. Mombasa, hewa huweza kuyainua maji mita 10 na kidogo, basi. Nairobi, ambako hewa ni hafifu kwa sababu ya mwinuko, kimo hicho hushuka hadi mita 8 na nusu hivi, na Eldoret hadi mita 8. Hivi ni vimo vya nadharia. Ukitoa msuguano wa mpira na mahitaji ya pampu yenyewe, ni busara pampu isikae zaidi ya mita 6 au 7 juu ya maji huko pwani, na pungufu ya hapo bara. Anayeamini kwamba pampu huvuta ataiweka juu kwenye ngazi ya shamba, karibu na nyanya zake, aunge mpira mrefu hadi mtoni, na ikishindwa aende kukopa tena anunue kubwa zaidi. Kubwa nayo itashindwa. Lakini ile ndogo aliyoiacha, kama ingeshushwa hadi ukingoni, huenda ingeyasukuma maji mita 30 kwenda juu bila taabu.

Kuna pia suala la hewa ndani ya mashine. Hewa ni nyepesi kuliko maji takriban mara 800, kwa hiyo impela inayozunguka katika hewa tupu haifanyi lolote la maana. Pampu iwezayo kuyapandisha maji mita 30, ikizungusha hewa peke yake, huweza kuinua maji kimo kisichotimia sentimita 4. Ndiyo maana sharti ijazwe maji kabla ya kuwashwa, na ndiyo maana tundu dogo kwenye mpira wa upande wa mto ni balaa kuliko tundu kubwa upande wa shamba.

Ikiwekwa juu mno, pampu hulalamika. Shinikizo katikati ya impela hushuka hata maji baridi yakachemka, yakafanya viputo, navyo vikapasuka kwa kishindo vifikapo penye shinikizo kubwa. Husikika kana kwamba kokoto zimemwagwa ndani ya kasha. Baada ya muda mapanga huonekana yametafunwa, kama mbao iliyoliwa na bungo, ingawa ni chuma.

Wanaisimu watauliza kosa ni la nani. Neno 'bomba' lilitoka kwa Wareno likiwa na maana ya pampu, na leo ni bomba la maji, bomba la sindano, na kwa vijana, kila kilicho kizuri. Lugha iliyoweza kulistawisha neno hivyo haiwezi kukosa maelezo ya nusu ukurasa ya kutiwa ndani ya katoni ya mashine, mahali ambapo aghalabu mna Kiingereza na Kichina tu. 'Kuvuta' kibaki katika mazungumzo. Katika maelezo yale paandikwe 'kusukuma'.

Fundi mzoefu hangoji maelezo hayo. Huishusha mashine hadi ukingoni, hata ikibidi kuchimba kijukwaa kwenye gema, akauhamishia mpira mrefu upande wa shamba. Mawingu yakijikusanya huko milimani, humtuma kijana akaipandishe tena kabla ya mto kufurika.