Madale: Kutu Iliyotoka Kunduchi

Atokaye Tegeta kwenda Madale huipa bahari mgongo. Kiwanda cha saruji cha Wazo hubaki nyuma, barabara hupanda vilima kuelekea Goba, na malori ya mchanga na kokoto hupishana kwa vumbi na kelele. Penye malori hapakosi watu wanaokijua chuma, na hao ndio tuliowafuata.

Tulikuwa tukivuta tela la kulala, nyumba ndogo ya magurudumu mawili iitwayo karavani. Lilikaa miaka mingi Kunduchi, upande wa mashamba ya chumvi, si mbali na magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Mawe yale yamestahimili upepo wa bahari kwa karne kadhaa. Chuma hakina subira hiyo. Nia yetu ilikuwa kulifikisha Tanga kabla ya Idd, watoto wapate kulala humo uani kwa bibi yao.

Fundi, mtu mzima mwenye maneno machache, aliliinua kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, akajilaza chini yake na nyundo. Chuma kizima hulia kama kengele. Cha kwetu kilitoa mlio wa gunia, na magamba mekundu yakamwangukia kifuani. Vyuma bapa vya springi vilikuwa vimeachana mithili ya kurasa za kitabu kilicholowa, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kisha akasukuma bisibisi kwenye ekseli, pale inapokalia springi na maji hutuama. Ikapenya.

Karakana nyingine ilikuwa imetushauri kuchomelea kiraka, kupaka rangi na kuondoka. Bei ilivutia, hatukatai.

"Wanangu, springi haichomelewi," alisema fundi. "Moto unaifanya kama kigae. Itakatika kwenye mteremko wa Wami, na nyuma yenu kuna basi la watu."

Tulinyamaza. Fedha ya ekseli mpya ilikuwa ile ya nguo za sikukuu. Shangazi ndiye aliyekata shauri: watoto watavaa za mwaka jana, zitafuliwa na kupigwa pasi.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya futi na kalamu: upana kutoka habu hadi habu, nafasi kati ya springi mbili, urefu wa kila springi kutoka jicho hadi jicho, na uzito wa tela likiwa na mizigo yake. Yubolti za zamani zilikatwa kwa grenda zikatupwa. Hizo, alisema, hazirudiwi. Fremu ilisuguliwa kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla umande haujaigusa. Beringi zikajazwa grisi mpya.

Yubolti zilikazwa kwa kupishanisha pembe, tela likiwa limeshushwa chini kwa uzito wake wote. Fundi akatukabidhi spana: chuma kipya hujikalisha kikianza safari, kwa hiyo tukifika Bagamoyo tusimame, tuzikaze tena, ndipo tushike njia ya Msata.